Mtafiti Mgeni, Karibu Nyeri: Mambo ya Kufanya Kabla Hujatoa Dodoso

Kwanza, njoo na sweta. Kama unakuja Julai, njoo na mbili. Mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, katikati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na msimu huo ukungu huweza kuufunika hadi saa sita mchana. Mtafiti anayetetemeka hapati majibu. Wenyeji watayaacha maswali yake na kuanza kumtafutia koti.

Barua ya chuo chako, hata ikiwa na muhuri wa Dar es Salaam, Kampala au Berlin, iweke chini kabisa ya bahasha. Juu yake weka leseni ya NACOSTI, tume inayosimamia utafiti nchini chini ya sheria ya mwaka 2013. Mgeni haipati bila kushikamana na taasisi ya Kenya, na huku mlimani huna haja ya kwenda mbali: kuna Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi pale Nyeri, na Chuo Kikuu cha Karatina. Ukishaipata, yasome masharti yake yote. Yanakutaka uripoti kwa Kamishna wa Kaunti na Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti kabla hujamuuliza mtu yeyote swali. Kutoka hapo unashuka ngazi kwa ngazi hadi kwa chifu na naibu wake.

Kwa chifu nenda mwenyewe. Usitume picha ya leseni kwa WhatsApp. Wageni wengi huiona safari hii kuwa usumbufu wa kupoteza asubuhi nzima, na ningependa waione vingine, kwa sababu kazi yako inaanzia pale kwenye benchi la nje. Utakaa na mama aliyefuata barua ya kitambulisho cha mwanawe, ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba, na mzee ambaye maji ya mradi hayajafika kwake. Ukinyamaza na kusikiliza, utaondoka pale ukijua kinachowauma watu wa eneo hilo kuliko ulivyokijua kwa kusoma makala. Tena, kabla ya jioni kijiji kizima kitakuwa na habari zako, na kesho ukipiga hodi hakuna atakayejiuliza kama wewe ni dalali wa mashamba.

Jiandae pia kuhojiwa. Kwenu ni wapi? Una mke, una mume? Watoto wangapi? Nani amekutuma, na nani anakulipa? Jibu yote kwa moyo mweupe. Ukitaka kujua ng'ombe wa Mama Wanjiru anatoa lita ngapi, naye ana haki ya kujua mshahara wako unatoka wapi. Na chai ikiletwa, kunywa. Imechemshwa na maziwa ya ng'ombe huyo huyo unayemuulizia, na kuikataa ni kumwambia mwenye nyumba kwamba umekuja kuchukua tu.

Sasa dodoso. Najua umelipenda, limepitiwa na kamati ya maadili, na swali la saba linasema: "Mapato yako kwa mwezi ni kiasi gani?" Kabla hujalichapisha, nenda kwenye kiwanda cha kahawa cha ushirika kati ya Oktoba na Desemba, msimu mkuu wa kuchuma. Viwanda hivi viko bondeni, karibu na mto, kwa kuwa kahawa huoshwa kwa maji mengi. Wakulima hufika mchana na magunia, wengine kwa punda, wengine kwa bodaboda, wengine mgongoni. Angalia wanachofanya kabla ya mizani. Kila mtu anamwaga matunda yake juu ya gunia lililotandazwa, anachuchumaa, na vidole vinaanza kuchambua: mekundu yaliyoiva yanabaki, mabichi yanatengwa, yaliyokauka na yenye ugonjwa yanatengwa. Ndipo yanapopimwa, karani anaandika kilo, mkulima anapewa stakabadhi anayoikunja na kuiweka ndani ya leso.

Hapo hajapata hata shilingi. Kahawa ile itamenywa, itachachushwa, itaoshwa, itaanikwa, itakobolewa, itauzwa, na malipo yatakuja miezi baadaye, bei ikiwa imeamuliwa mbali naye. Mkulima huyo huyo huenda ana majani ya chai anayoyapeleka kwenye kituo cha KTDA, shirika la chai, yanayomlipa kidogo kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Maziwa yanalipwa mwisho wa mwezi. Sukuma wiki anayoiuza soko la Karatina inalipwa papo hapo na kwisha papo hapo, kwa nauli na unga. Ukimuuliza mapato ya mwezi atakutajia tarakimu yoyote ili usione haya, nawe utaipeleka kwenye kompyuta na kuitolea wastani. Muulize badala yake karo ya muhula uliopita ilitoka wapi. Atakueleza uchumi wa nyumba yake wote.

Hata aina ya kahawa haiingii kwenye kisanduku kimoja. Kuna SL28 iliyopandwa na babu, kuna Ruiru 11, kuna Batian iliyotolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele cha mlima huu, na kuna shina la zamani lililopachikwa tawi la aina mpya ili kustahimili magonjwa. Acha nafasi pana ya kuandika.

Kuhusu ardhi nakuomba uwe mpole kuliko mahali pengine popote. Swali la "una ekari ngapi?" linaonekana jepesi. Lakini miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, watu wa Nyeri walihamishwa na kukusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na katika miaka hiyo hiyo mashamba yakaunganishwa na kugawanywa upya chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. Wapo waliokuwa kizuizini wakati mipaka ilipochorwa. Kwa hiyo usiulize ekari jirani akiwa anasikia. Usianze mazungumzo kwa kumpa mzee fomu ya ridhaa na kidau cha wino: familia nyingi zina kisa cha karatasi iliyotiwa kidole gumba na kilichofuata. Msomee polepole, kwa Kikuyu ikibidi, umwachie nakala, urudi siku nyingine kwa jibu.

Ukija kwa historia ya Mau Mau, uasi wa miaka hiyo ya Hali ya Hatari, utaulizwa kuhusu fidia, na swali hilo lina sababu nzuri. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza malipo ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa waathiriwa 5,228. Wanahistoria kama Caroline Elkins na David Anderson walitoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi hiyo. Kwa hiyo cucu, yaani bibi, anayekuona na kinasa sauti anajua kwamba maneno yaliyorekodiwa yaliwahi kugeuka malipo. Pia anajua kesi nyingine, ya watu zaidi ya 40,000, ilitupwa mwaka 2018. Mwambie ukweli mapema, kabla hajafungua mdomo: sina fidia, siandikishi majina. Baada ya hapo akiamua kukusimulia, atakuwa ameamua kwa hiari yake.

Msaidizi wako wa utafiti mlipe kila wiki, na nauli na chakula cha mchana viwe juu yako. Jina lake liingie kwenye kitabu, na kama amefanya uchambuzi, liwe kwenye jalada. Watu wa huku wameandikwa kwa zaidi ya karne: William na Katherine Routledge walichapisha kitabu chao mwaka 1910, padri Cagnolo wa shirika la Consolata akachapisha chake hapa hapa Nyeri mwaka 1933, na mwaka 1938 Jomo Kenyatta, mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Malinowski kule London, akaandika cha kwake kama mwenyeji. Wakalimani, wapagazi na wazee waliowafundisha wageni wale karibu wote wamesahaulika. Hilo linaniuma, na ni kosa ambalo wewe unaweza kulikwepa kwa kuandika mstari mmoja.

Ukisogea miji mingine, badilisha mkalimani. Meru, Chuka na Embu wana lugha zao. Nanyuki ina watu wa kila upande, na kwa kuwa jeshi la Uingereza lina kambi ya mafunzo pale, mzungu mwenye buti na daftari aeleze mapema kazi yake ni nini.

Dodoso likikwama, lifunge usikilize. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huku Tetu, alikuwa akikusanya kupe kwa utafiti wa ndigana kali ya ng'ombe alipoona mito iliyojaa udongo na malisho yaliyokauka, kisha akawasikia wanawake wa mashambani wakilalamikia kuni na maji. Kupe hawakumleta kwenye Tuzo ya Nobel ya 2004. Mambo yale mengine ndiyo yaliyomfikisha.

Kabla hujapanda matatu ya kurudi Nairobi, panga na chifu na ushirika tarehe ya kuleta matokeo, na tenga pesa zake kwenye bajeti tangu sasa. Kurasa mbili zinatosha, kwa Kikuyu na Kiswahili, herufi kubwa za kusomeka bila miwani. Zilete siku ya mkutano mkuu wa wanachama, wakiwa wote uwanjani. Watakuuliza bei ya kahawa itapanda lini. Jibu unachokijua. Kama dodoso lako halikugusa bei, sema hivyo, kisha ukae umsikilize atakayesimama kukueleza ulichopaswa kuuliza.