Tapi Inayoingia Magari Yote

Watu wanadhani gari la michezo likianza kumtesa mwenyewe litamtesa kwa vishindo: injini inalia, moshi unafuka, watoto wanakimbilia uani. Langu linanitesa kimya kimya, kwa kitambaa.

Ni Toyota Celica, ile ya kizazi cha saba iliyotengenezwa kati ya mwaka 1999 na 2006, usukani kushoto. Sikuinunua. Shemeji yangu alipohamia Ubelgiji aliniachia kufidia deni ambalo sote wawili tulijua halitalipwa kamwe, na tangu hapo majirani zangu wa Nyamyumba wananisalimia kwa heshima ambayo mshahara wa ualimu haujawahi kuniletea. Watoto wa shule wananiuliza inakimbia ngapi. Dashibodi inadai inapita mia mbili. Mimi sina ushahidi, kwa sababu hapa Rwanda penye lami nzuri pana Sofia, ndivyo tulivyozibatiza kamera za mwendo, na Sofia hana utani na mtu. Kwa hiyo gari langu la michezo linacheza kwa adabu, na mimi mwenyewe muda mwingi natazama chini, miguuni.

Miguuni kuna tapi. Ni yale mazulia madogo ya sakafuni. Wasomaji wa Dar na Mombasa mnayo majina yenu, huku tumelichukua la Wafaransa tukalikata mkia. Tapi ya dereva ilitoboka pale pale kisigino kinapokaa. Si ajabu. Dereva wa lori hukaa kitini akakanyaga kwenda chini, lakini ndani ya Celica unakaa jirani na lami, miguu umeinyoosha mbele, na kisigino ndicho kinachobeba mguu mzima kutwa. Kinachimba polepole, na siku moja unahisi baridi ya bati.

Zilizobaki zimemalizwa na Nyamyumba yenyewe. Kila mgeni anayenitembelea lazima apelekwe kwenye amashyuza, maji ya moto kando ya Ziwa Kivu, akaloweke miguu mgongo upone. Mgongo ukipona anaingia garini na miguu ile ile. Halafu wapo majirani wa Rubona wanaoomba lifti wakiwa na ndoo ya sambaza. Hawa samaki wadogo hawakuwa wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, na leo watu wengi wanaishi kwa kuwategemea. Sina ugomvi na aliyewaleta. Ila sidhani kama alifikiria kapeti. Maji ya ndoo ya sambaza yakishaingia kwenye kapeti hayatoki tena. Yanahama tu kutoka upande wa abiria kwenda upande wa dereva, kulingana na kona. Ongeza vumbi jeusi la volkano unalolibeba kwenye soli ukitoka Gisenyi mjini, na tope la mlimani unalolikuta ukifika nyumbani. Nikaamua kununua tapi mpya.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imetuunganisha kila kitu isipokuwa miguu.

Sisi tunaendesha kulia mwa barabara, na usukani uko kushoto. Mwaka 2005 serikali ilipiga marufuku kuingiza magari ya usukani wa kulia, ingawa malori makubwa yalikuja kuruhusiwa baadaye. Kenya, Uganda na Tanzania wako upande mwingine, kama Waingereza walivyowaachia. Mwaka 2007 tukaingia Jumuiya, bidhaa zikazidi kupanda malori Mombasa na Dar es Salaam kuja kwetu, na tapi nazo zikapanda. Zimekatwa kwa ajili ya miguu ya Kampala.

Asiyejua atasema zulia ni zulia tu. Mwambie aingize kichwa chini ya usukani. Pedeli hazibadiliki: klachi kushoto, breki katikati, mafuta kulia, kote duniani. Kinachogeuka ni chumba chenyewe. Kwenye gari langu ule mgongo wa katikati ya gari uko kuliani mwa dereva, umebanana na pedeli ya mafuta. Uvimbe wa tairi uko kushoto, pale mguu wa klachi unapopumzika. Kwenye gari la Kampala mgongo na uvimbe vimebadilishana nafasi. Sasa chukua tapi ya dereva wa Kampala uitandike kwangu: kushoto inapanda juu ya uvimbe na kufanya kilima, na kulia inabaki na kona ambayo haina pa kwenda. Kona isiyo na pa kwenda hujitafutia mahali, na mahali penyewe ni chini ya pedeli ya mafuta.

Nilimweleza hivyo muuzaji mmoja pale mjini. Alinisikiliza kwa upole mkubwa.

"Patron, hii inaingia magari yote."

"Mbona kona imekatwa upande huu? Gari langu usukani uko kushoto."

Akaichukua, akaitazama, akaipindua tumbo juu. Meno ya mpira yakawa yanatazama mbingu, manyoya yakalala chini, na kile kibandiko cha kisigino kikajificha uvunguni upande wa klachi.

"Basi. Sasa ni ya kushoto."

Mwenzake wa duka la pili alikuwa na akili zaidi, na ndiye aliyeniumiza zaidi. Alisema nibadilishe tu: ya abiria niweke kwa dereva, ya dereva nimwekee abiria. Kwa umbo hakukosea, maana abiria wa Kampala hukaa kushoto, ninapokaa mimi. Lakini tapi ya abiria haina kibandiko cha kisigino wala matundu ya kushikizia, kwa sababu abiria hategemewi kukanyaga kitu. Tulijaribu kwa safari ya kwenda Nyundo na kurudi. Mamamkwe, aliyekaa kwenye kiti cha abiria, alikikuta kibandiko cha kisigino chini ya mguu wake wa kulia, akakikubali kuwa ni cheo. Tangu siku hiyo anakanyaga breki yake kila kona na kunilaumu kwamba gari halisimami.

Kila baada ya muda unazuka uvumi kwamba nasi tutahamia kushoto ili tufanane na majirani. Inawezekana, Sweden ilihama upande kwa siku moja, tarehe 3 Septemba 1967. Lakini barabara ikihama, sakafu ya Celica haihami, kwa hiyo mimi msinihesabu.

Nikavuka mpaka pale Petite Barrière kwenda kutafuta tapi Birere, upande wa Goma. Kongo wanaendesha kulia kama sisi, nikajipa moyo. Lakini magari mengi ya Goma, pamoja na kuendeshwa kulia, yana usukani wa kulia, yametoka Japani hivyo hivyo yalivyo, na wauza tapi wa Birere ni watu wanaojua wateja wao. Nilichojifunza huko nilijifunza kwa chukudu. Unaijua: baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, inayobeba viazi, makaa na saruji, ambayo Goma wameijengea hadi sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Mwenye chukudu husukuma kwa mguu mmoja, goti la mguu wa pili likiwa juu ya ubao, na pale goti linapokaa amepigilia kipande cha mpira wa kandambili. Amepigilia kwa misumari. Hakitelezi, hakijikunji, hakihami. Nilisimama pale nikimtazama mtu mwenye chombo cha mbao ambacho mkeka wake umefungwa vizuri kuliko wa gari la michezo lililovuka bahari.

Kufunga ndiyo shida ya pili, na watu wengi hawaijui kabisa. Sakafu ya gari langu ina nafasi mbili za vishikizo mbele ya kiti cha dereva. Vishikizo vyenyewe havipo. Vilikwenda Ubelgiji, au viliuzwa pamoja na mengine ambayo shemeji hakuyataja. Tapi isiyofungwa hutambaa kwenda mbele kila unapokanyaga, kidogo kidogo, mpaka ukingo wake unafika kwenye pedeli. Nikaanza kuuliza mafundi. Wa kwanza alitoa drili kabla sijamaliza sentensi. Nilimzuia kwa mwili, kwa sababu chini ya sakafu ya gari hupita mabomba ya mafuta na ya breki, na hata ukiyakwepa, tundu la skrubu ndilo mlango wa kutu. Wa pili alipaka gundi. Ilishika vizuri mpaka siku ya jua. Wa tatu alileta velkro, na velkro ni kitu kizuri mpaka ikutane na vumbi la volkano ya Nyiragongo, hapo meno yanajaa, haishiki tena.

Kisha kuna wale wanaokushawishi kwa uzuri. Siku hizi kuna tapi za ngozi bandia, zimeshonwa kwa uzi wa njano, ndani zimejazwa sponji, na zinauzwa kwa namba: D tatu, D tano, D saba. Mimi nafundisha hesabu, na D ninazozijua zinaishia tatu. Zinavutia, nakubali. Lakini ndani ya gari lililo chini hivi, unene wa kidole kimoja chini ya kisigino unabadilisha namna mguu unavyofika kwenye breki, na ukingo ulioinuliwa ili kuzuia tope unaweza kuizuia pedeli pia.

Mama watoto alinivumilia wiki nzima, kisha akauliza, "Baba watoto, hivi unaumwa kichwa kwa ajili ya kitambaa cha kufutia miguu?"

Nikamsimulia ya California. Tarehe 28 Agosti 2009, karibu na San Diego, askari wa barabara kuu aliyekuwa mapumzikoni alikuwa akiendesha Lexus aliyoazimwa na muuza magari wakati la kwake likihudumiwa. Ndani ya gari lile ilikuwamo tapi ya mpira ya gari la aina nyingine, kubwa zaidi, na haikufungwa. Pedeli ya mafuta ikanasa. Gari likapita kilomita 160 kwa saa. Alikufa yeye, mkewe, binti yao na shemeji yake, ambaye alikuwa kwenye simu akiomba msaada. Mtu aliyezoea barabara kwa kazi yake. Toyota wakaita magari yapatayo milioni 3.8 kwa sababu ya tapi na pedeli, idadi ikapanda baadaye, na mwezi Machi 2014 wakakubali kulipa dola bilioni 1.2 kwa serikali ya Marekani kwa jinsi walivyowaficha wateja habari za usalama. Celica haikuwamo kwenye orodha hiyo, lakini tapi ya Birere haijui orodha.

Mama watoto alinyamaza. Kesho yake alinipa nauli ya Kigali bila kuombwa.

Huko Kigali, Gatsata ndiko nilikovipata vishikizo, kwa mzee mmoja anayeuza vitu vidogo vilivyong'olewa kwenye magari yaliyokufa. Viwili vya plastiki, bei ya soda. Basi la kwenda na kurudi lilinila mara nyingi zaidi ya hapo. Tapi yenyewe nilitengenezewa na fundi wa viti vya magari Gisenyi, ambaye hakuniambia neno lolote kuhusu magari yote. Alichukua karatasi ya mfuko wa saruji, akaibonyeza sakafuni kuanzia mgongo wa katikati mpaka kwenye uvimbe, akachora kwa chaki, akakata. Juu kapeti ya manyoya mafupi, chini mpira wenye meno, kibandiko cha kisigino mahali pa kisigino, na pete mbili za chuma mahali pa vishikizo. Kisha, injini ikiwa imezimwa, akanikalisha nikanyage mafuta mpaka mwisho na kuachia, tena na tena, huku yeye akiwa amelala na tochi akitazama kama pedeli inagusa popote. Akaivuta tapi mbele kwa mikono miwili. Haikusogea. Hapo ndipo alipotaja bei.

Jioni ile ile mama watoto alitandika taulo kuukuu juu yake, isichafuke. Najua tabia hii si ya nyumbani kwangu peke yake. Nchi nyingine huacha nailoni ya dukani; sisi mifuko ya nailoni tuliipiga marufuku mwaka 2008, kwa hiyo tunatandika maboksi, mataulo na magunia. Taulo nimeliondoa. Kitu cha pili juu ya tapi iliyofungwa ni tapi isiyofungwa.

Na kama siku moja pedeli itakunasa, tuseme kwenye mteremko wa Rubona, ziwa likikusubiri pembeni, usiiname kuvuta kitambaa. Kanyaga breki kwa nguvu na usiachie. Ukipigapiga, nguvu ya breki inaisha. Toa gia, iache injini ipige kelele inavyotaka, simama kando, ndipo uzime.

Ukienda kununua, nenda na gari lenyewe. Muuzaji akikwambia inaingia magari yote, mwombe aitandike mbele yako, akae yeye kwenye usukani, akanyage mafuta mpaka mwisho, na wewe ulale chini na tochi. Akikataa kukaa, usinunue.