Sifa za Internet Explorer 6

Wanaomtukana Internet Explorer 6 wamesahau ni nani aliyekuwa akiwalipia kodi ya nyumba. Alizaliwa mwaka 2001, na sisi mafundi wa tovuti wa Nairobi, kuanzia River Road hadi Westlands na Ngong Road, hatujapata mfadhili mwingine kama yeye. Ukurasa ukikaa sawa siku ya kwanza, fundi hulipwa mara moja tu. Kwake haukukaa sawa.

Ukarimu wake ulikuwa wa ajabu. Unaelekeza sanduku lielee kushoto, unaliombea pikseli 10 za nafasi pembeni; yeye anakupa 20, bila riba. Safu ya pili inaporomoka chini ya ya kwanza, na mteja anapiga simu akiwa amewaka. Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kuliambia sanduku likae kama neno ndani ya sentensi. Kwa kanuni, mstari huo haubadilishi lolote kwa sanduku linaloelea. Kwake ulitibu papo hapo. (Mteja hakuambiwa ni mstari mmoja.) Nembo ya PNG iliyopaswa kuonekana bila usuli, aliishonea kiraka cha kijivu. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya siku nzima.

Na alikuwa mwaminifu. Toleo la 7 lilipotoka Oktoba 2006, Microsoft ilitaka kwanza kukagua kama Windows yako ni halali. Swali gani hilo la kuuliza saiba za Tom Mboya Street! Mwaka uliofuata sharti likaondolewa, lakini kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa 2009, saiba iliyouza intaneti shilingi moja kwa dakika isingewasimamisha wateja ili ipakue kivinjari kipya. Mzee akabaki, nasi tukasomesha watoto.

Wa mwisho wa ukoo wake, toleo la 11, alistaafishwa tarehe 15 Juni 2022. Sikuvaa nyeusi, maana Opera Mini ipo. Huukamua ukurasa kwenye seva zake ili usile bando, kisha huufikisha Kawangware alama za fonti zikiwa visanduku vitupu, na menyu, kila ikiguswa, hurudi kwanza kwenye seva kuuliza kama ifunguke. Mteja mmoja amelalamika wiki hii. Invoisi nimeshaituma.