Mashine Isiyojua Kusitiri

Kompyuta ina nafasi ya kuhifadhi maktaba nzima, lakini ukiiambia ikopi, kwa kawaida inakumbuka jambo moja tu. Ukikopi la pili, la kwanza limekwenda na maji. Ubao wa kunakili umekuwa hivyo tangu Larry Tesler na wenzake walipobuni kukata, kukopi na kupesti huko Xerox, Marekani, miaka ya 1970: kiti kimoja, abiria mmoja.

Kwenye steshenari kama yangu ya Temeke, usahaulifu huo ni hasara. Mteja anataka aya ya tatu ihamie juu. Umeshaikata, hujaipesti, mwingine anachomeka mkono: "Kaka, niwekee na hii namba ya kitambulisho, mara moja tu." Unakopi namba, aya imeyeyuka, na mwenye aya anadai apunguziwe bei.

Mpwa wangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, akasema dawa ipo, tena ya bure. Mashine zangu zinatumia Linux, kwa hiyo alifungua terminali akaandika skripti ya mistari michache. Kila sekunde inachungulia ubao kwa kutumia programu iitwayo xclip. Ikikuta maandishi mapya inayaongeza mwishoni mwa faili pamoja na saa. Inalala sekunde moja, inarudia. Mwisho wa amri akabandika alama ya &, skripti ikajiendea nyuma ya pazia.

"Mjomba, kuanzia leo hapotei mtu," akasema.

Jioni nikafungua faili nione mavuno:

Yah
Yah: Mao
Yah: Maombi ya kazi ya ulin

Kumbe ubao wa Linux una sehemu mbili. Moja inashika ulichokopi. Nyingine inashika chochote ulichokipitishia kipanya kikabadilika rangi, hata kama hukukusudia kitu. Xclip usipoielekeza, inasoma hiyo ya pili. Nami husoma huku naburuza kipanya juu ya mistari, hivyo skripti ilikuwa inaandika kila nilipotupa jicho. Mpwa akaielekeza inakotakiwa, na walinzi nusunusu wakaacha kuomba kazi.

Faili likawa safi, na hapo ndipo likaanza kutisha. Nywila za wateja zilikuwa zimejipanga wazi wazi, kati ya bei za laminesheni na aya za wasifu. Programu nyingi za kutunza nywila hufuta ubao baada ya muda mfupi, lakini skripti inayochungulia kila sekunde inafika kabla ya ufagio. Hata Windows, ilipoanza kutunza historia ya ubao mwaka 2018, ilijiwekea ukomo: vipande 25, na ukiwasha upya mashine vinafutika, isipokuwa ulivyobana mwenyewe. Ya mpwa haikuwa na ukomo wala haya.

Kisha akaja mshenga. Mzee wa kanzu, barua yake ya posa ililowa mvua kabla haijafika ukweni, anataka nyingine. Nikaona sasa skripti italipa fadhila. Nikaandika grep, amri ya kutafuta neno, nikaandika posa, nikabonyeza. Zikatoka barua mbili. Maneno yale yale, mkato kwa mkato: kijana wetu ameona ua katika bustani yenu, na hajaona mfano wake popote. Moja ilikwenda kwa familia ya Mbagala. Nyingine, dakika saba baadaye, kwa familia ya Tandika. Jina la kijana halikubadilika.

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena.

"Mwanangu, mashine hii inasema kweli?"

"Haijui kusema uongo, mzee."

"Basi haina adabu." Akanyamaza kidogo. "Nichapie zote mbili. Nina maongezi na kijana."

Alilipa bila kuomba apunguziwe. Alipoondoka nilimpigia mpwa, nikamwambia mtambo wake unavunja ndoa ambazo hata hazijafungwa. Akaomba radhi, akasema suluhisho ni jepesi: tulifungie faili kwa nywila ndefu, yenye herufi, tarakimu na alama, ambayo hakuna binadamu anayeweza kuikariri. Kila nikilihitaji, naikopi tu, napesti.

Nikamwomba arudie sentensi hiyo polepole.