Kisu cha Baba Mdogo

Baba mdogo hakutangaza lolote. Alianza kwa kukiondoa kisu jikoni. Kilikuwa kisu cha kukunja, mpini wa mti uliopachikwa vinyota na miezi ya bati, bapa limeliwa na kutu likawa na rangi ya ugoro. Shangazi alikitumia kumenyea viazi vya michembe. Kilipotoweka alitushuku sote, mbuzi akiwemo.

Kumbe kisu kilikuwa cha Livingstone. Babu wa babu yake, alieleza baba mdogo, alikuwa mpagazi (nani Tabora hana babu mpagazi?). Livingstone na Stanley walifika Kwihara, nje kidogo ya mji, Februari 1872. Stanley akashika njia ya pwani mwezi wa Machi. Mzee akabaki katika lile tembe ambalo sasa ni makumbusho, akingoja wapagazi hadi Agosti. Wakaja, na mmoja wao akatunukiwa kisu. Kwamba wapagazi hao walitumwa na Stanley kutoka pwani, hapo baba mdogo alipita mbio.

Amri ya kwanza: kisioshwe, kutu ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Nusu ya amri hiyo ilikuwa na akili. Wanaokusanya visu vya kale huogopa msasa, maana huondoka na kutu na maandishi pamoja. Ila kutu haijui kuhesabu miaka. Masika moja chini ya bati linalovuja yatosha kukizeesha kisu cha jana. Cha kutafuta ni chapa kwenye shina la bapa, karibu na kiungo.

Amri ya pili ilikwenda kwa seremala: sanduku la mninga lenye kioo, nusu ya fedha mkononi, nusu baadaye. Kisha akaalikwa mwalimu mstaafu wa historia, Jumapili baada ya chakula.

Jumapili hiyo asubuhi shangazi, akitafuta sindano juu ya kabati, akakutana na kisu chake. Limau, majivu, gunzi la muhindi. Mwalimu alipoketi, sahani ya maembe ilikuwa tayari mezani, na kisu pembeni kinang'aa kama kimetoka dukani. Baba mdogo alishika kichwa.

Mwalimu alivaa miwani, akakifungua. Krrr, meno ya kufuli yakalia. Akasoma kwa sauti: OKAPI.

"Bwana mdogo," akasema, "Livingstone alifariki 1873. Huyu mnyama watu wa msitu wa Ituri wanamjua tangu enzi na enzi, lakini wasomi wa Ulaya walimpa jina 1901, baada ya Harry Johnston kupeleka vipande vya ngozi London kutoka Uganda. Na visu hivi vilianza kuundwa Solingen, Ujerumani, 1902, viuzwe kwenye makoloni yao huku kwetu."

Baba mdogo alitafuna embe, akafufuka. Basi ni cha askari wa Kijerumani! Reli ilifika Tabora 1912, Wabelgiji wakauteka mji Septemba 1916; mtu anayekimbia hudondosha vitu. Mimi hadithi hii niliipenda kuliko ile ya kwanza.

Binti wa shangazi, yuko kidato cha pili, akakigeuza kisu upande wa pili. WEST GERMANY.

Nchi yenye jina hilo ilizaliwa 1949, na mwaka 1988 utengenezaji wa Okapi ulihamia Afrika Kusini. Kati ya miaka hiyo, kisu chetu.

"Hata hiyo ni zamani," baba mdogo akasema, lakini shangazi alishakirudisha jikoni.

Jioni sanduku likaletwa, zuri kupita kisu mara mbili. Shangazi anawekea sukari humo. Kioo kinamwonyesha nani kachota. Nusu ya fedha haijalipwa. Baba mdogo anasema adaiwe anayelitumia, shangazi anasema adaiwe aliyeagiza. Seremala hupita kila Ijumaa kudai, naye hukaribishwa chai ya sukari ya humo humo.