Waraka kwa Mwenye Ukumbi wa Michezo

Mheshimiwa Patroni,

Naomba ruhusa nikuandikie mbele ya watu, kwa kuwa ahadi zako nazo ulizitoa mbele ya watu. Siku ulipofungua ukumbi wako hapa Lubumbashi, ulituita vijana wa mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo, ukatuambia kwamba katika simuleta yako, mashine ya kuigiza uendeshaji, tutaliendesha Toyota Sprinter Trueno AE86 kama linavyoendeshwa kwenye milima ya Japani. Najua unakumbuka, maana mtu wa hadhi yako hasahau neno lake.

Kwanza nakupongeza kwa kulichagua gari hilo. Mwingine angetuvuta kwa gari lenye nguvu kubwa. Wewe ulichagua gari dogo lililotengenezwa kati ya 1983 na 1987, lenye injini ya 4A-GE ya lita 1.6 na uzito usiofika tani moja. Wakati Corolla za kawaida zilipoanza kuvutwa na magurudumu ya mbele, Trueno na ndugu yake Levin yalibaki kusukumwa na ya nyuma. Ndiyo sababu dereva Keiichi Tsuchiya alijipatia jina kwa kulitelezesha, na Shuichi Shigeno akalifanya shujaa wa katuni ya Initial D, iliyoanza kuchapishwa 1995. Picha yake uliyoichoresha mlangoni haina kasoro. Laiti uangalifu ule ungevuka kizingiti ukaingia ndani.

Pili, nakushukuru kwa usukani. Ulituahidi wenye mota. Ukatuletea wenye springi, uliofunikwa ngozi nzuri. Mheshimiwa, dereva wa gari la kweli husikia nyuma ikiteleza kwa kiuno chake kabla macho hayajaona. Kiti cha simuleta hakisogei, kwa hiyo habari zote hupitia mikononi. Gari linapoteleza, usukani wake hukimbia wenyewe kuelekea upande magurudumu yanakotaka kwenda, na dereva huuachia upite viganjani kisha akaudaka. Springi yako huurudisha katikati wakati uleule. Ni mwalimu mwenye bidii, ila anafundisha kinyume.

Tatu, kuhusu pedali. Ulisema zitakuwa tatu, na tunakiri kwa shukrani kwamba mbili zimefika. Ile ya klachi ndiyo roho ya gari hili. Injini yake haina nguvu ya kuvunja mshiko wa matairi ya nyuma kwa mafuta peke yake kila inapotakiwa. Dereva hukanyaga klachi, hupandisha mizunguko ya injini, kisha huiachia ghafla. Kwako mguu wa kushoto hupumzika vizuri sana. Mkono wa kushoto nao hauna kazi, ingawa Trueno la Japani lina usukani kulia na gia kushoto, kama magari mengi yaliyotujia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Breki ya mkono uliyoitaja kwa sauti kubwa kuliko vyote bado tunaingoja kwa adabu.

Nne, umeme. Hakuna anayekulaumu kwa kukatika kwake. Mji mzima unajua kwamba hukatika. Lakini betri uliziahidi mwenyewe, bila kuulizwa. Umeme ukienda, mlinzi wako hutusindikiza nje kwa upole mkubwa, na pesa zetu hubaki ndani.

Tano ndilo linaloniuma zaidi. Ulisimama mbele ya wazazi ukawaambia kwamba vijana wakiteleza ukumbini hawatateleza barabarani. Lilikuwa neno la hekima, nao wakakuamini. Lakini misaada yote ya programu umeiacha imewashwa: kompyuta inapunguza mafuta na kulinyoosha gari, kijana anapigiwa makofi. Anatoka akiamini anajua. Kesho anachukua Corolla ya baba yake, inayovutwa na magurudumu ya mbele, anainua breki ya mkono kwenye lami yenye maji ya masika, na kando ya barabara wameketi akina mama wanaouza mboga. Gari lile halitamjibu kama simuleta yako ilivyomjibu. Simuleta ya kweli humwaibisha mwanafunzi: humzungusha mara nyingi mpaka ajue jinsi gari linavyomponyoka upesi. Aibu hiyo ndiyo kinga uliyowauzia wazazi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, sikuombi jipya. Naomba ulichokisema: usukani wenye mota, pedali tatu, gia kushoto, breki ya mkono, betri, na misaada izimwe kwa kila anayetaka kujifunza kweli. Ikiwa fedha hazitoshi kwa viti vyote, kamilisha kimoja. Kwa kiti hicho kimoja tutapanga foleni na kulipa bei utakayoitaja, na wazazi watapata walichoahidiwa.

Ni mimi, mteja wako mtiifu,
Lubumbashi