Mikutano mia kichwani

Jamani, mwenzenu silali. Tangu nistaafu, usingizi nao umechukua kiinua mgongo chake ukaondoka. Saa 8 usiku macho kodo, nahesabu mabati. Yapo 24. Yenye kutu 9. Nishayajua kama wajukuu.

Kijana wa dukani akaniambia, "Mzee, si uende ukachomwe sindano za Kichina?" Madaktari wa Kichina wapo hapa Unguja tangu 1964, enzi hizo mimi nachunga mbuzi, lakini sindano ninayoijua ni moja tu: ile ya makalioni. Basi kufika hospitali, nikageukia ukutani, mkanda nishafungua. Mkalimani kaziba macho. "Babu, funga! Za mkononi hizi!"

Maswali sasa. Mchana unalala? "Kidogo tu, saa 8 mpaka 11." Kahawa? "Naonja barazani baada ya isha. Vikombe vitano." Daktari na mkalimani wakatazamana. Mke wangu, Mama Asha, akatazama feni.

Sindano zenyewe nyembamba kama unywele. Ya kwanza kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo. Wanapaita Shenmen, mlango wa roho. Nikaruka! Mlango wa roho unafunguliwa na wosia sijaandika? Nyingine nyuma ya sikio. Nyingine upande wa ndani wa mguu, vidole vinne juu ya kifundo. Ya mwisho utosini, kwenye upara, mahali panaitwa Baihui, mikutano mia. Kumbe! Vikao mia kichwani na mwenyekiti hayupo, nitalala saa ngapi?

Hata haziumi. Zinatia uzito, zinatia ganzi. "Nusu saa, babu, usitikisike." Usitikisike? Mtu wa miaka 71, na kibofu hiki?

Ajabu, nikalala. Nikakoroma, chumba kizima kikanijua. Kilichoniamsha ni kibofu. Nikakurupuka, nikadaka kofia yangu, nikaibamiza kichwani kwa nguvu zote.

Ile ya utosini ilikuwa bado ipo.

Yowe lile, wagonjwa wawili wa foleni walikwenda zao.

Usiku ule? Mabati 24. Nusu saa ya usingizi nishaimaliza hospitali.

Juzi daktari kanipa masharti: nirudi tena mara kadhaa, ila usingizi wa mchana basi, na kahawa ya usiku basi. Nikamwambia mkalimani, "Mwanangu, mwambie sindano aongeze hata 20. Makalioni pia ruhusa. Kahawa aniachie."