Jinsi ya Kufunga Ofisi Desemba Ukabaki na Wafanyakazi Januari

Bosi, kwanza kabisa, usibandike tangazo la kufunga ofisi tarehe 19 Desemba saa kumi jioni. Tangazo la namna hiyo tunalifahamu: nembo ya kampuni juu, mhuri umekaa upande, na katikati mstari unaosema siku zote za kufunga zitakatwa kwenye likizo ya mwaka. Aliyelisaini keshaondoka. Wanaobaki mbele ya ubao wanahesabu kwa vidole, na kila mmoja vidole vinamwishia mahali pake.

Saa hiyo mfanyakazi wa kwenda Moshi ameshachelewa. Mwisho wa mwaka watu wanarudi kwao Kilimanjaro kwa wingi, na kwenye stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, Dar es Salaam, hata kiti cha nyuma kabisa hugombewa. Ungemwambia mapema angekata tiketi mapema, kwa nauli ya kawaida.

Basi tangaza Januari, siku ileile mnayopanga ratiba ya likizo ya mwaka mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakuruhusu wewe mwajiri kupanga likizo iangukie lini, mradi isivuke miezi sita baada ya mzunguko wake kwisha; kuisogeza hadi miezi kumi na miwili kunataka ridhaa ya mfanyakazi na sababu ya kweli ya kikazi. Kwa hiyo kufunga ni haki yako. Kushtukiza ndiko kunakoumiza watu.

Sasa shika kalenda. Chukua msimu wa 2025: kufunga kuanzia Jumamosi tarehe 20 Desemba hadi Jumapili tarehe 4 Januari ni siku 16. Kwa Tanzania likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia humo huhesabiwa ndani yake. Mfanyakazi anabakiwa na 12 za kuuguza mzazi, kulima, kuoza binti. Kenya hesabu ni nyingine, maana kule ni siku 21 za kazi: ofisi ya Jumatatu hadi Ijumaa ikifungwa kipindi hichohicho, zinaondoka 7 tu, kwani Krismasi, kesho yake na Mwaka Mpya hazimo. Nawe wa Dar es Salaam hakuna sheria inayokukataza kuwarudishia watu wako hizo sikukuu tatu. Zirudishe. Kampuni haitafilisika kwa siku tatu.

Ugumu uko kwa yule dada wa uhasibu aliyemaliza siku zake zote Agosti, mama yake alipolazwa. Fomu uliisaini wewe mwenyewe. Leo unamwambia akae nyumbani bila mshahara, au aingie mwaka mpya akidaiwa siku na kampuni. Kosa lake liko wapi? Aliomba, ukakubali, akaenda. Ukweli ni kwamba mlango umeufunga wewe, yeye yuko tayari kufanya kazi. Mpe kazi ya kuhesabu stoo au kupanga mafaili ya mwaka. Kama haipo, mlipe akapumzike. Vivyo hivyo kijana uliyemwajiri Oktoba: kwa kawaida aliye chini ya miezi sita kazini sheria haimpi likizo ya malipo, lakini ulipomwajiri ulijua Desemba inakuja.

Malipo nayo yana wakati wake. Mshahara wa siku za likizo hulipwa kabla likizo haijaanza. Ndivyo sheria inavyosema. Usiuzuie hadi ofisi ifunguliwe, wakati ada za shule zinasubiri.

Kabla ya kufunga, kaeni saa moja mkabidhiane: funguo, nywila, mteja anayedai mzigo wake. Msipofanya hivyo, tarehe 27 mtu wako atakuwa amesimama kwenye migomba huko Kibosho, Moshi, simu ameinyoosha juu kutafuta mtandao, akueleze nywila ya programu ya mishahara iko kwenye daftari gani. Likizo ya mwaka ni ya kupumzika, hata kama mfanyakazi ni mpole na anapokea simu zako zote. Ujumbe wa WhatsApp unaoanza na "samahani kwa usumbufu" nao ni kazi.

Mwisho kuna mlinzi, ambaye tangazo lako halikumtaja kwa sababu kwake hakuna kufunga. Anayefanya kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Kama ni wa kampuni ya ulinzi, wapigie wenye kampuni uwaulize kama analipwa hivyo, na usikate simu mpaka wakujibu. Ofisi ikifunguliwa, fomu ya kwanza ya likizo iwe ya kwake, na mwezi auchague yeye.